Amplifaya ya Wiki Mbili

Kila aliyeingia sebuleni kwangu mwaka jana alinipa ushauri uleule: nunua sabufa. Jirani alisema nunua sabufa. Shemeji yangu, aliyekuja kunywa chai na kuondoka, alisema nunua sabufa, ina taa za rangi, ina sehemu ya kuchomeka flashi, inashika na simu. Mwalimu mwenzangu alizigongagonga spika zangu kama anachagua tikiti maji, akasema mbao zake ni nzuri, naweza kutengenezea kabati la viatu. Mwanzoni nilikuwa nawajibu kwa upole. Baadaye nikawa nawawekea chai na kunyamaza.

Sikutaka sabufa. Sabufa inapiga besi mpaka vikombe vinatembea kwenye kabati, na mimi sikuwa na shida ya besi. Nilikuwa natafuta sauti ya msichana mmoja wa miaka kumi na saba kwenye mkanda wa kaseti, na msichana huyo ni mimi.

Mtambo wenyewe una deki ya kaseti, amplifaya, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Baba, ambaye alikuwa katekista, aliununua kule Butiama kwa padri mzee aliyekuwa anafungasha vitu kurudi kwao. Nyumba yetu nzima ilijipanga upya kuupisha. Baba alipofariki, mama alikubali kuhamia kwangu, hapa Kigera, lakini kwa masharti: mtambo unakuja, na vitambaa vyake vya kufuma vinakuja na mtambo. Basi ukakaa sebuleni, kitambaa cheupe juu ya amplifaya, kitambaa cheupe juu ya kila spika, kikiwa kirefu kiasi cha kuifunika usoni mpaka katikati. Mume wangu kazi yake ni Geita na watoto wako shule za bweni, kwa hiyo siku nyingi nyumba ni ya watu wawili, mimi na mama, na spika.

Mkanda ni wa kwaya yetu ya parokia. Tuliurekodi Musoma mjini, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Mimi nilikuwa sauti ya pili. Asiyewahi kuimba kwaya pengine hajui uchungu wa sauti ya pili. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, ndiyo watu wanayoiimba njiani wakirudi makwao. Sauti ya nne inatikisa mabenchi. Sisi wa sauti ya pili tunajaza katikati, na tukifanya kazi yetu vizuri hakuna anayejua kama tulikuwepo. Lakini kwenye wimbo wa tatu, upande wa kwanza, mwalimu wetu wa kwaya alitupendelea mara moja. Sauti nyingine zote zinakatika, na sauti ya pili inabaki peke yake kwa mstari mmoja mrefu kabla wenzetu hawajarudi. Mstari mmoja tu. Mimi huo mstari niliuimba kwa mwaka mzima kama vile nimepewa shamba.

Sasa mama. Mama yangu si mtu wa kusifu. Nilipomaliza chuo alinitazama akasema nimekonda. Nilipokuwa makamu mkuu wa shule aliuliza kama sasa nitakuwa nachelewa kurudi. Lakini kila Jumapili mchana, baada ya misa na chakula, nikiwa nimetandaza meza ya pasi sebuleni nanyoosha nguo za wiki, mama yuko kwenye kiti chake, amefumba macho, mkanda unazunguka. Ukifika ule mstari, mama ananyoosha kidole kimoja juu. Hafumbui macho. Anasema, "Huyo." Kisha anakishusha.

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa na mama yangu, na nilikuwa naipata mara moja kwa wiki, kwa miaka mingi. Sikuwahi kumwambia ninavyoisubiri.

Basi mwaka jana, Jumapili moja, spika ya kulia ikaanza kukwaruza. Krrr, kila sauti nene ikipita. Nikazima pasi, nikavuta kigoda mpaka mbele ya spika, nikainamisha sikio kutafuta mkwaruzo unatoka wapi. Wimbo wa tatu ukaja, mstari ukapita. Nikageuka kumtazama mama kwa mazoea tu. Kidole hakikunyanyuka. Mikono yake yote ilikuwa mapajani.

"Mama, vipi?"

"Leo sijakusikia," akasema.

Nafundisha fizikia, shule moja upande wa Buhare. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi habari za mawimbi ya sauti, na nikiona wanasinzia nawapigia kijiko kwenye glasi. Kwa hiyo nilikuwa na maelezo papo hapo, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Mkanda ukichakaa, nilijiambia, sauti za juu ndizo zinazotangulia kufutika. Spika ikichoka, hali ni hiyohiyo. Maana yake nilikuwa naondoka kwenye mkanda. Nilikuwa nafutika taratibu, Jumapili baada ya Jumapili, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwa sababu yeye ndiye pekee aliyekuwa ananisikiliza. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Niliosha vyombo siku ile kwa kuvigonganisha.

Nikaanza kazi. Kwanza nilisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Ilitoka pamba ya kahawia, nikapata matumaini. Jumapili ikafika, nikakaa kwenye kigoda changu, mstari ukapita, nikageuka. Hakuna kidole.

Nikavua vitambaa. Nilimweleza mama kwamba kitambaa kinazuia sauti, na nilimweleza kwa sauti ya darasani, jambo ambalo hapendi. Alivikunja vitambaa vyake kimoja kimoja, akaviweka kwenye begi lake, akasema, "Haya, zimebaki uchi." Kweli zilionekana uchi. Wageni wakaanza kuuliza kama tunahama. Jumapili ikafika, mstari ukapita. Hakuna kidole.

Nikabadilisha waya. Nikasogeza spika mbali na ukuta, nikazirudisha. Nikazielekeza kwenye kiti cha mama kabisa, akalalamika kwamba zinamkodolea macho. Nikaona labda ni kelele za nyumbani, nikapiga marufuku kelele. Hakuna kupiga pasi mkanda ukicheza, hakuna vijiko, hakuna kuchota maji kwenye pipa. Pasi niliihamishia Jumamosi. Jumapili zetu zikawa kimya kama chumba cha mtihani, mimi kwenye kigoda, mama kwenye kiti, na kila mstari ukipita nilikuwa namgeukia mama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Umenisikia?"

"Hapana."

Wiki nyingine, "Hapana. Sikusikii siku hizi." Wiki nyingine aliniambia bila kuulizwa. Nilikuwa nakasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunijibu kwa mkato, nikaikasirikia spika, nikamkasirikia padri wa watu aliyetuuzia mitambo yake na huenda alishafariki zamani. Walimu wenzangu waliniuliza kuna nini nyumbani. Nitawaambia nini? Kwamba mama yangu hanyooshi kidole?

Ndipo nikaenda Bunda. Niliambiwa kuna fundi kule anayejua mitambo ya zamani, siyo hawa wanaobandua betri za simu. Nilimkuta kwenye chumba chenye redio zilizofunguliwa matumbo mpaka darini. Nilikuwa nimekodi gari kuleta spika moja na amplifaya, na alipoviona alifurahi kama ameletewa ndugu. Akaniuliza mzee yuko wapi.

"Mzee gani?"

"Mwenye mtambo."

"Mwenye mtambo ni mimi."

"Sawa, madam. Sasa yeye analalamika nini?"

Nilihesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, kama ninavyofanya kidato cha pili mchana. Nikamweleza tena tangu mwanzo. Nilimwambia sitaki besi. Akasema watu wote wanatakaga besi. Nikamwambia mimi nataka kusikia mtu mmoja ndani ya kwaya. Hapo akaacha kutabasamu, akaniangalia vizuri, na kusema kweli kuanzia hapo alikuwa fundi.

Mkwaruzo aliumaliza siku ileile. Karatasi ya ndani ya spika ilikuwa imeliwa pembeni, akaibandika ukingo mpya kwa subira ambayo mimi sina. Amplifaya ndiyo iliyomfanya atikise kichwa.

"Hii ilishachoka, madam. Inaimba, lakini inaimba kama mtu mwenye mafua. Nikiitengeneza hapa, itaharibika pale. Ungebadilisha."

Akatoa nyingine chini ya meza, ya rangi ya fedha, nzito, aliyoichukua kwa mtu aliyerudi kutoka masomoni nje. Alisema niondoke nayo nikajaribu wiki mbili. Nikiipenda ibaki, nisipoipenda niirudishe bila maneno. Kwa hiyo nilirudi Kigera na amplifaya mbili na uamuzi mmoja, na sikuwa na hamu na hata kimoja.

Watu wanadhani kuchagua kifaa ni raha. Kwangu ilikuwa adha tupu. Ile ya zamani ni ya baba. Vidole vyake vimekwangua maandishi kwenye kitufe cha sauti, na hakuna atakayeweza kunishawishi kwamba hicho ni kifaa tu. Lakini kama ni hicho kilichokuwa kinanifuta, je, nikibakize kwa heshima ya marehemu? Nilichomeka mpya, nikachomoa, nikachomeka ya zamani. Nilikaa na daftari nikaandika tofauti kama mtoto wa maabara. Mama alikuwa anapita kwenda jikoni ananitazama.

"Kwani ile ina nini?" aliuliza.

"Hainitoi, mama."

"Haikutoi," akarudia. Akaendelea na safari yake ya jikoni.

Jumapili ya kwanza na amplifaya ya fundi nilifunga madirisha. Nikamkalisha mama, nikaweka mkanda, nikakaa kwenye kigoda. Kutoka wimbo wa kwanza tu nilijua fundi hakunidanganya. Nilisikia chumba. Nilisikia benchi likilia mtu alipohamisha uzito. Nilisikia jogoo wa jirani wa studio, mbali kabisa, jogoo ambaye miaka yote ile amekuwa akiimba na sisi bila kutambuliwa. Sauti ya nne, ambayo kwenye amplifaya ya baba ilikuwa ngurumo moja, sasa ilikuwa mwanaume mmoja mwenye jino lililong'oka. Nikasema leo. Leo mama ananyoosha kidole.

Wimbo wa tatu ukafika. Sauti zikakatika. Sauti ya pili ikabaki peke yake.

Ilikuwa mtu mmoja.

Sisi tulikuwa wanne. Nilitegemea kusikia wasichana wanne na kujitafuta kati yao, na nilikuwa nimejiandaa hata kutojitambua. Lakini pale palikuwa na koo moja. Katikati ya mstari, katikati ya neno kabisa, mwimbaji akavuta pumzi. Fupi, ya haraka, kama mtu aliyeshtuka. Sauti ikakatika, pakawa na shimo dogo, kisha akarudi akaumaliza mstari. Nilirudisha mkanda. Nikarudisha tena. Labda mara nane. Kila mara pumzi ileile na shimo lilelile, ambalo kwenye amplifaya ya baba halikuwahi kusikika kwa sababu mafua yake yalikuwa yanaliziba.

Pumzi ile nilikuwa naijua. Ilikuwa ya msichana wa Guta aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake Butiama na kuimba na sisi. Alikuwa na sauti nzuri kuliko sisi wote na mapafu ya kuku. Mwalimu alikuwa akimgombeza kila mazoezi kwa kukata pumzi katikati ya neno, mpaka akachoka, akatafuta dawa nyingine: akanisimamisha ubavuni mwake. Kwaya ina utaratibu wake, wanaosimama ubavu kwa ubavu hawavuti pumzi pamoja. Mmoja akivuta, mwenzake anashika, ili nje sauti isikatike. Kazi yangu kwa mwaka mzima ilikuwa kumshikia yule msichana. Yeye akikata, mimi naendelea. Akirudi, mimi ndiyo navuta. Tulifanya hivyo mpaka tukawa hatuhitaji tena kutazamana.

Na kwenye mkanda hapakuwa na wa kumshikia.

Nilimgeukia mama. Mikono ilikuwa mapajani. Safari hii sikumuuliza.

Nilikaa siku tatu sili vizuri. Nilijaribu kukumbuka siku ya studio. Asubuhi tuliimba wote, nyimbo zote, nina hakika. Mchana mwalimu wa kwaya alisema tumemaliza, akatoa ruhusa watu washuke ziwani wakale samaki, na akabaki na wachache kusaidia kufunga vitu. Tulishuka Mwigobero. Tulikula sato wa kukaanga kwa mikono, tukacheka mpaka tukapaliwa, mimi nikanawa miguu ziwani na kusema hii ndiyo siku nzuri ya maisha yangu. Nakumbuka hata gauni nililovaa. Sikuwahi kuwaza ni vitu gani vile vilivyohitaji watu wanne kuvifunga mchana kutwa.

Jumamosi nikaenda Guta. Sikuwa na namba yake, niliuliza tu kanisani wakanielekeza. Nilimkuta anaanika mihogo kwenye turubai. Amenenepa, ana wajukuu. Alinitambua kabla sijatoa salamu, akainuka akanikumbatia na unga wake wote mikononi, na hilo lilinitibua kwa sababu nilikuwa nimekuja na hasira zilizopangwa vizuri.

Nilimuuliza hapohapo, hata maji aliyonikaribisha sijayagusa. Aliketi chini.

"Kumbe hukujuaga?" akasema. "Mimi nikadhani ulishaambiwa siku nyingi."

"Niambiwe na nani?"

"Yule wa mitambo alisema watu ni wengi, kinasa sauti ni kimoja, inatoka makelele. Akamwambia mwalimu abakize mmoja mmoja kwa kila sauti. Ndiyo tukarudia zote. Ya asubuhi walifuta. Mwalimu akatukataza kusema, akasema mtaleta mgawanyiko kwenye kwaya."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita, jamani. Ningesemaje?" Alikuwa anakwangua unga kwenye kucha zake. "Huo mstari wetu ulinitesa. Nilirudia mpaka yule kaka wa mitambo akakasirika. Nikifika pale pumzi inakata, nakugeukia, haupo. Nilitaka kulia. Mpaka leo mkanda ukipigwa mahali mimi natoka nje."

Nilikuwa nimekuja kugombana, nikaondoka na furushi la mihogo mikavu. Lakini nisidanganye, sikuwa nimetulia. Njia nzima kutoka Guta hasira ilikuwa inatafuta mtu wa kumkalia. Mwalimu wa kwaya ameshafariki. Yule wa studio sijui yuko wapi. Yule mwenzangu nilikuwa nimeshapokea mihogo yake. Akabaki mama.

Kwa sababu hebu fikiria. Miaka yote ile mama alikuwa ananyoosha kidole kwa mtoto wa mtu mwingine. Sifa yangu pekee duniani, na haikuwa yangu. Hata alipokuwa akisema hanisikii, nikahangaika na pamba na waya, alikuwa hanisikii kwa sababu sikuwepo, sikuwahi kuwepo. Nilipofika Kigera sikuvua hata viatu.

"Mama, kwenye ule mkanda mimi simo."

Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

"Walirudia kurekodi sisi tukiwa ziwani. Walibakiza mmoja mmoja. Ile sauti unayoinyooshea kidole kila Jumapili ni ya yule msichana wa Guta. Siyo mimi. Haijawahi kuwa mimi." Sauti yangu ilianza kupanda na sikuizuia. "Miaka yote ile, mama, unasema 'huyo,' 'huyo,' kumbe humjui hata mtoto wako!"

Mama akaweka ungo chini.

"Nani kakwambia habari za mkanda?" akasema.

"Unasema nini?"

"Mimi mkanda nausikiliza wa nini? Wewe si ulikuwaga hapo?" Akaonyesha mahali meza ya pasi ilipokuwa inasimama. "Unapiga pasi hapo. Wimbo ukifika pale unaimbaga. Kila siku. Nyimbo nyingine zote umenyamaza, ukifika pale tu unatoa sauti. Spika ziko kule, wewe uko huku. Macho yangu ndiyo yamechoka, masikio bado."

Nikaitazama ile nafasi tupu.

"Halafu ukaacha pasi. Ukahamia kwenye kile kigoda, umekaza shingo, huimbagi tena. Nikakwambia sikusikii. Kila Jumapili nakwambia sikusikii, na wewe unaenda kununua waya."

Ningependa kusema kwamba nilicheka, au nilimkumbatia. Sikufanya hivyo. Nilikasirika zaidi. Nilimwambia angenieleza vizuri, akasema aliniambia kwa Kiswahili. Niliingia chumbani nikafunga mlango, na nilikaa huko kitandani na viatu vyangu, nikiwaza mtu mzima, mwalimu wa fizikia, anayetafuta sauti yake kwa kunyamaza. Kwamba naimba nikipiga pasi nilikuwa najua, kwa namna mtu anavyojua kwamba anapepesa macho. Sikuwahi kuihesabu kuwa sauti. Sauti nilidhani ni ile iliyorekodiwa.

Jioni ile fundi alipiga simu. Wiki mbili zilikuwa zinaisha Jumatatu, alitaka kujua kama amplifaya inabaki au inarudi. Nikamwambia itarudi. Nilikuwa sitaki kuiona. Nilitafuta boksi lake nikaliweka mlangoni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya chakula nilitoa meza ya pasi, kwa sababu nguo zilikuwa na mikunjo na Jumamosi yangu nilikuwa nimeimalizia Guta. Mama alienda kwenye begi lake akatoa vitambaa, akavitandika juu ya spika, ila safari hii alivikunja mara mbili ili visifunike usoni. Amplifaya ya fundi ilikuwa bado imechomekwa, nilikuwa nimepanga kuifunga baadaye. Nikaweka mkanda.

Niliogopa. Ukishajua kwamba unaimba, kuimba ni kazi nyingine kabisa. Wimbo wa kwanza nilipiga pasi shati moja mara tatu. Wa pili nilifikiria nitoke nje, kama mwenzangu wa Guta anavyofanya. Wa tatu ukaanza, sauti zikakatika, na akabaki peke yake kama alivyoachwa mchana ule, ana miaka kumi na sita, analazimishwa kurudia.

Niliingia chini yake. Sauti ilitoka mbaya, sauti ya mtu anayefokea madarasa siku tano kwa wiki. Nikaendelea. Tukaenda pamoja mpaka pale pake, nikamsikia akivuta pumzi, wazi, kama yuko karibu na meza. Mimi sikuvuta. Nilishika. Nilishika mpaka aliporudi, ndipo nikavuta yangu, na mstari ukafika mwisho bila kukatika. Tangu siku waliyourekodi, ilikuwa mara ya kwanza nimshikie huku nikijua.

Nilimwangalia mama kwenye kioo cha kabati, kwa kuwa sikutaka ajue namwangalia. Amefumba macho. Kidole kiko juu.

"Huyo," akasema. "Na shati linaungua."

Jumatatu nilimpigia fundi nikamwambia nimebadilisha mawazo, amplifaya yake inabaki. Ya baba nimeipangusa, nimeiweka juu ya kabati chumbani kwa mama, na kitambaa chake. Fundi alitaka kujua kilichonishawishi, akadhani atasikia habari za besi. Nikamwambia kwenye ile ya zamani lile shimo la pumzi halisikiki, na nisipolisikia sitajua niingie wapi.